Tofu ya kopo kwa mgonjwa wa presha

Swali: Mtaalamu, shikamoo. Mume wangu ana miaka 58, na daktari amemwambia apunguze nyama nyekundu na chumvi kwa ajili ya presha. Anameza dawa kila asubuhi. Dada yangu alipokuja kutoka Toronto alituletea makopo kumi na mawili ya tofu iliyokaangwa na kutiwa sosi ya soya. Kopo limeandikwa gramu 280, na kwa kila gramu 70 kuna sodiamu miligramu 460 na protini gramu 10. Tarehe bado mwaka mzima. Nimeyapenda kwa sababu hapa Mombasa tofu mbichi naipata duka moja tu, tena ghali, na stima ikikatika siku mbili inachacha. Lakini shemeji yangu ananitisha. Anasema chakula kinachokaa mwaka bila friji lazima kimejaa dawa, na kwamba soya humpunguzia mwanamume nguvu. Halafu kopo moja limevimba kidogo juu, na jingine limebonyea ubavuni. Je, hiki ni chakula cha kumpa mgonjwa wangu? Na mimi mwenyewe naweza kutia tofu kwenye chupa za jamu, nikazichemsha na kuzihifadhi?

Jibu: Marahaba, dada. Kabla hatujafika kwa mzee na presha yake, inuka kwanza ukalitoe lile kopo lililovimba. Usilifungue, usilionje hata kwa ncha ya ulimi, wala usilitoboe uone ndani mna nini. Lizungushie magazeti tabaka kadhaa, litie kwenye mkebe wa zamani wa rangi wenye mfuniko, ulitupe mahali ambapo mtoto, paka wala mwokota taka hatalifikia. Pale lilipokuwa limekaa pafute kwa maji yenye klorini, kisha unawe mikono kwa sabuni.

Lililobonyea ni habari nyingine. Lishike, upitishe kidole gumba juu ya bonyeo. Likiwa ubavuni tu, si la kina na halina kona kali, kopo ni zima, ila litumie mwanzo kabla ya mengine. Bonyeo likiwa limegusa mshono, au ule ukingo ambapo kifuniko kimekunjwa na mwili wa kopo, nalo litupe, kwa maana mshono ukilegea hata kwa upana wa unywele hewa na vijidudu hupita. Na kwa kuwa uko pwani, angalia pia kutu. Kutu inayofutika kwa kitambaa haina neno. Kutu iliyochimba bati, kopo hilo limekwisha.

Nimeanza na hilo kwa sababu maswali yako mengine yote yanahusu afya ya miezi na miaka ijayo, na hili ni la leo. Kopo linavimba kwa sababu ndani kuna gesi, na mara nyingi gesi hiyo hutolewa na bakteria waliosalimika au walioingia baadaye. Tunayemwogopa zaidi anaitwa Clostridium botulinum. Huyu anaishi kwenye udongo, na akibanwa hujifungia ndani ya kijimbegu kigumu kinachostahimili maji yanayochemka kwa saa kadhaa. Akipata mahali pasipo na hewa, pasipo na uchachu na penye joto la kawaida, anaamka na kutengeneza sumu inayolegeza misuli. Chakula chenye sumu hiyo huweza kuonekana kizuri na kunukia vizuri. Mtu aliyekula huanza kuona vitu viwiliviwili, kope zinamwangukia, ulimi unakuwa mzito, kumeza kunamshinda, kisha udhaifu unashuka kwenye mikono na kifua mpaka pumzi. Kwa kawaida dalili hizo huja ndani ya saa 12 hadi 36, ingawa zinaweza kuchelewa siku kadhaa. Akizionyesha mtu wa nyumbani kwako, usimtafutie maziwa wala dawa ya kutapisha. Mkimbize hospitali kubwa yenye mashine ya kupumulia, na uwaambie alikula nini. Si kila kopo lililovimba lina sumu hii, maana wakati mwingine ni bati lenyewe limeliwa na chakula likatoa gesi. Lakini wewe jikoni huna namna ya kuzitofautisha.

Sasa twende kwa shemeji. Hofu yake naielewa, maana tumezoea kuona vitu vinavyokaa muda mrefu vikiwa vimetiwa kitu cha kuvihifadhi. Kopo halifanyi kazi hivyo. Kiwandani chakula hutiwa ndani, kopo likazibwa kabisa, ndipo likapikwa likiwa limeshafungwa, ndani ya mtambo wa mvuke wenye shinikizo. Fikiria presha kuka yenye ukubwa wa chumba. Maji ya sufuria yako hayapiti nyuzi 100. Mle ndani joto hufika nyuzi 121 hivi, na ndilo linalowaua hata wale vijimbegu niliowataja. Kopo likitoka hapo, hakuna kilicho hai ndani yake na hakuna kinachoweza kuingia, basi hakuna cha kuchachusha. Mpishi wa Kifaransa, Nicolas Appert, alichapisha njia hiyo mwaka 1810 akitumia chupa za kioo, karibu nusu karne kabla Louis Pasteur hajaeleza kwa nini inafaa. Soma orodha ya viungo kwenye makopo yako. Nadhani utakuta soya, maji, mafuta, sosi ya soya, sukari na kitu cha kugandishia. Ukikuta kihifadhi kimeandikwa, basi mtengenezaji amekiongeza kwa sababu zake, ila kopo lenyewe halikihitaji.

Hata hivyo moto huo una gharama yake, na hapo ndipo lilipo jambo linalomhusu mgonjwa wako.

Mtu wa pwani hana haja ya kufundishwa tofu ni nini, anahitaji kukumbushwa nazi tu. Soya huloweshwa, husagwa na maji, hukamuliwa kwa kitambaa. Linalotoka ni tui, na kinachobaki ni machicha. Tofauti ni kwamba tui la soya huchemshwa, halafu likagandishwa kwa jasi, yaani madini meupe yenye kalsiamu, kwa ile chumvi chungu ya bahari ambayo Wajapani huiita nigari, au kwa kitu kichachu, kama maziwa yanavyokatika ukiyatia ndimu. Protini zinashikana zikawa wavu laini ulionasa maji, na ukiukandamiza unapata kipande kinachokatika kwa kisu. Wavu huo ukiupeleka kwenye nyuzi 121 unajikaza. Maji yanakimbia, tofu inakuwa kama sponji, rangi inaelekea kahawia, na harufu ni ya kitu kilichokaa motoni kupita kiasi. Ndiyo maana tofu nyeupe ya kopo iliyo tupu, ndani ya maji, si rahisi kuiona dukani. Viwanda huikaanga kwanza ili ipate ngozi ya kuishikilia, kisha huiogesha kwenye sosi ya soya na sukari ili ladha ya sosi ifunike ladha ya moto. Sosi ya soya ni chumvi iliyo majimaji. Kwa hiyo ile chumvi iliyomo koponi iko pale zaidi kwa ajili ya ulimi kuliko kwa ajili ya kuhifadhi.

Tupige hesabu kwa namba ulizoniandikia. Miligramu 460 kwa gramu 70, na kopo ni gramu 280, basi kopo zima lina sodiamu miligramu 1,840. Sodiamu ni sehemu tu ya chumvi, basi kupata chumvi yenyewe zidisha kwa 2.5, nayo ni gramu 4.6. Shirika la Afya Duniani linamtaka mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku nzima, yaani kijiko kimoja cha chai kikiwa sawa na ukingo. Mzee akila kopo moja peke yake mchana, amemaliza fungu lake la siku kabla ya mkate, kabla ya mchuzi wa usiku, kabla ya chochote. Kwa kulinganisha, Uingereza huwekea alama nyekundu chakula chochote kinachozidi gramu 1.5 za chumvi katika gramu 100. Hili lako lina 1.6.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba kopo halitamtia sumu mumeo, ila likiwa kitoweo chake cha kila siku litamwongezea presha ileile uliyoacha nyama ili uishushe.

Huna haja ya kuyatupa yale makopo mazima. Yana mema yake na nisingependa uyadharau. Gramu 10 za protini kwa gramu 70 ni nyingi, na protini ya soya ina asidi amino zote ambazo mwili hauwezi kujitengenezea, jambo ambalo si la kawaida kwa chakula cha mimea. Mafuta yake mengi ni ya aina isiyoganda. Protini ya soya ikiliwa kiasi cha gramu 25 kwa siku badala ya ile ya nyama, hupunguza ile kolesteroli mbaya kwa asilimia 3 hadi 4 hivi. Ni kidogo, si muujiza, lakini ni kuelekea upande unaoutaka. Ikiwa iligandishwa kwa jasi, ina kalsiamu ya maana pia. Halafu kuna hilo la stima. Kwa nyumba ambayo friji haiaminiki, kitoweo kinachongoja kabatini ni usalama halisi, maana tofu mbichi iliyolala siku mbili kwenye friji lenye joto ni hatari kuliko kopo lolote zima.

Namna ya kuyatumia, basi. Kopo moja liwe la sufuria ya watu wanne, si la sahani ya mtu mmoja. Mwaga sosi yote ya kopo, usiionee huruma. Kata vipande vidogo, vimwagie maji yaliyochemka, uviache dakika kumi, kisha vikamue kwa mkono kama unavyokamua machicha. Tazama maji yanavyogeuka rangi ya chai. Kila rangi iliyotoka imeondoka na chumvi. Kwa maharage ya kopo, kumwaga maji na kusuuza huondoa theluthi ya sodiamu au zaidi. Tofu hii imechemkia ndani ya sosi na kuinyonya hadi katikati, kwa hiyo usiihesabie sana. Mimi ningehesabu kana kwamba chumvi yote bado imo, kile kilichotoka kikawa nyongeza ya heri. Vitie kwenye mchuzi wa nyanya au wa tui, na kitunguu saumu, tangawizi, bizari na pilipili. Usitie chumvi, usitie kidonge cha supu. Mwisho kamulia ndimu. Wali au ugali wa siku hiyo upike bila chumvi. Ukifanya hivyo mara moja au mbili kwa wiki sioni kosa. Kilichobaki usikiache koponi. Kihamishie kwenye bakuli lenye mfuniko, kiliwe ndani ya siku mbili au tatu, na kama stima imekatika zaidi ya saa nne kitupe.

Kuna jambo moja ambalo shemeji hakulitaja nami siwezi kulinyamazia. Ndani ya makopo mengi bati hupakwa utando mwembamba ili chakula kisigusane nalo, na kwa miaka mingi utando huo ulitengenezwa kwa kemikali iitwayo bisfenoli A, ambayo kiasi kidogo chake huhamia kwenye chakula. Mwaka 2023 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilishusha kiwango inachokiona salama mara 20,000, na mwishoni mwa 2024 Umoja wa Ulaya ukapitisha marufuku ya kemikali hiyo kwenye vyombo vya chakula, ukiwapa watengenezaji muda wa kujirekebisha. Mamlaka za nchi nyingine hazijafika huko. Makampuni mengi yameshabadilisha utando, na kopo likiandikwa kwamba halina kemikali hiyo ni vizuri zaidi. Kwa mtu anayekula kopo mara moja kwa wiki, mimi nisingekosa usingizi. Kwa mtu anayekula vya kopo asubuhi, mchana na jioni, au mama mjamzito, ningemshauri apunguze.

Na nguvu za kiume? Soya ina vitu viitwavyo isoflavoni, ambavyo umbo lake linafanana na homoni ya kike, estrojeni. Kufanana huko ndiko kulikozaa maneno. Ndani ya mwili nguvu yake ni ndogo mno kulinganisha na homoni yenyewe, na swali hili limepimwa kwa wanaume wenyewe. Uchambuzi wa mwaka 2010 uliokusanya majaribio mengi, na mwingine wa 2021, zote mbili hazikuona testosteroni ikishuka kwa sababu ya soya. Kipo kisa kilichoandikwa mwaka 2008 cha mzee wa miaka 60 aliyevimba matiti. Alikuwa akinywa karibu lita tatu za maziwa ya soya kila siku, na alipoacha yakapungua. Gramu 70 za tofu mchuzini hazifanani na hilo hata kidogo.

Lakini nikwambie, dada, kwa sababu huenda maneno ya shemeji yana mzizi mwingine. Presha yenyewe huharibu mishipa midogo ya damu na kumpunguzia mwanamume uwezo, na baadhi ya dawa za presha, hasa zile za kukojoza na baadhi ya zile za kupunguza mapigo ya moyo, zinaweza kufanya hivyo pia. Kama mzee ameona mabadiliko, asiisingizie tofu, na wala asiache vidonge kimyakimya kama wafanyavyo wengi. Amweleze daktari wake. Dawa za presha ni nyingi, na mara nyingi inapatikana nyingine inayomfaa.

Wapo ambao kwao soya inataka mashauriano. Mwenye mzio wa soya asiiguse. Anayemeza levothyroxine kwa ajili ya tezi ya shingo aitenge na soya kwa saa nne hivi, kwa sababu soya huzuia dawa isifyonzwe vizuri. Na hili linamhusu mumeo moja kwa moja: presha ya miaka mingi huumiza figo, na mwenye figo zilizochoka huwekewa kipimo cha protini, tena pengine cha potasiamu. Kama hajapimwa damu na mkojo kuangalia figo mwaka huu, apimwe kabla hujabadilisha kitoweo cha nyumba nzima.

Kuhusu chupa za jamu, jibu ni hapana, na hapa sina pa kulegeza. Jamu inakaa kwa sababu ina sukari nyingi na uchachu. Tofu haina hata kimoja. Uchachu ukiwa chini ya kipimo fulani, yaani pH (namba ya kupimia uchachu, ambayo hupanda uchachu ukipungua) ikipita 4.6, wale vijimbegu wanaweza kuamka, na tofu iko juu ya hapo. Kuchemsha chupa kwenye sufuria kutawaua wadudu wengine wote na kumwachia Clostridium botulinum uwanja mtupu, ndani ya chupa isiyo na hewa. Hayo si ya kufikirika: California mwaka 2006 na New York mwaka 2012 watu walilazwa kwa sumu hii baada ya kula tofu waliyoivundika wenyewe nyumbani.

Ukitaka akiba isiyohitaji stima, weka soya kavu. Gunia dogo lililo kavu, kwenye chombo kinachofunga vizuri, linakaa miezi, na tofu unaitengeneza asubuhi ikaliwa mchana. Hivyo ndivyo wafanyavyo wauzaji wa Kigali na Goma, ambako mishikaki ya tofu inachomwa mitaani na hakuna anayeona ajabu. Loweka nusu kilo usiku kucha, suuza, saga kwenye blenda na maji mpaka ilainike, ukiongeza maji yafike lita tatu na nusu. Chuja kwa kitambaa kama tui, kisha chemsha huku ukikoroga, sufuria iwe kubwa kwa sababu povu lake hupanda ghafla. Acha lichemke taratibu dakika kumi kamili. Dakika hizo usizifupishe, kwa kuwa soya mbichi ina kitu kinachozuia protini isisagike tumboni, na moto ndio unaokiharibu. Epua, lipoe kidogo, kisha tia polepole maji ya ndimu vijiko vitano vya mezani vilivyochanganywa na kikombe cha maji, ukikoroga mara mbili tatu tu. Funika robo saa. Utakuta madonge meupe yakielea kwenye maji ya manjano yaliyo safi. Maji yakiwa bado meupe kama maziwa, ongeza ndimu kidogo. Mimina kwenye kitambaa, kunja, weka jiwe safi au sufuria ya maji juu yake kwa nusu saa. Tofu ya ndimu ina kalsiamu kidogo kuliko ya jasi, hilo nalikubali, lakini sodiamu yake ni karibu na bure, nawe ndiye unayeshika kijiko cha chumvi. Machicha usiyatupe. Yachanganye na kitunguu na unga ukaange kababu.

Dada yako akija tena kutoka Toronto, mwambie aache makopo alete ile tofu laini ya boksi la karatasi. Tui la soya husafishwa kwa moto mkali wa sekunde chache, likatiwa na kigandishi ndani ya boksi safi na kugandia humohumo. Haihitaji friji mpaka ifunguliwe, na haina sosi wala chumvi ya kutajika. Akilazimika kuleta kopo, asome mstari wa sodiamu: chakula chenye miligramu 120 au chini yake kwa gramu 100 ndicho kinachohesabiwa kuwa na sodiamu ndogo.

Siku ya kliniki mchukue mzee pamoja na kopo moja zima mkobani. Daktari au mtu wa lishe akiisoma lebo mwenyewe, huku ana majibu ya figo mkononi, atakwambia kiasi chake kwa uhakika kuliko nilivyoweza mimi kutoka mbali.